Bakuli la Kuoshea Brashi

Alief, Houston
Alhamisi, 20 Machi 2025. Asubuhi ya ukungu. Jua limepenya ukungu saa mbili na nusu.

Jedidah mwenzangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Dedan na watoto hapo Machakos. Je, goti la Dedan linaendeleaje, au bado anatembea akilaumu ngazi? Mimi sijambo, ila macho ni mazito kwa sababu nimetoka kazini sasa hivi.

Tangu Septemba ninamtunza usiku Mzee Liang, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na minane. Mezani pake kuna vyombo vya kauri nyeupe vyenye michoro ya buluu, vya kale kuliko babu zetu: kikopo kirefu cha kuwekea brashi za kuandikia, kijilima cha vilele vitano cha kuzilaza, kibirika kidogo kama yai cha kudondoshea maji kwenye jiwe la kusagia wino, na bakuli la kuoshea brashi. Baba yake alivitumia, na babu yake pia. Kila jioni nikifika humkuta ameandika maneno mawili matatu, mkono ukitetemeka. Ni mtu wa utani. Akiona ninavyoandika kila jambo na saa yake katika daftari langu, huniuliza kama nimehesabu na miayo yake.

Jumanne tarehe 4 alilala mapema. Nikaona ndani ya bakuli lile weusi uliogandamana. Unakumbuka tulivyosugua sufuria za shule kwa majivu na mchanga, Matroni akitaka aone meno yake humo? Mkono ulienda wenyewe. Nilichukua waya wa kusugulia na sabuni ya unga, nikasugua hadi likang'aa, nikalirudisha mahali pake.

Jumamosi bintiye, Mei, alipokuja alilishika bakuli akaketi sakafuni. Weusi ule ulikuwa wino wa vizazi vitatu, na kwao haukuondolewa kamwe. Tena waya ulikuwa umekwaruza mng'ao juu ya samaki wa buluu waliochorwa ndani. Hakunishuku mimi. Usafi wa mchana ni kazi ya Fanny, mama Mkongomani kutoka Uvira, mwenye watoto watatu na mume aliyeumia mgongo ghalani. Fanny aliapa kwamba hajaligusa. Mei akamwambia asirudi. Jumapili alinipigia simu kuniuliza kama niliwahi kumwona Fanny akilisugua bakuli. Nilimjibu kwamba sikumwona. Ni kweli, Jedidah, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ukweli huo.

Fanny naye alinipigia, asijue lolote, akaniomba nimtafutie kazi popote, hata ya kukesha. Nilimwambia nitauliza. Siku tano mfululizo nilifungua daftari na kusoma mstari wangu wa tarehe 4: nimesugua bakuli la mezani, limetakata. Nilikuwa nimeuandika kwa fahari.

Ijumaa tarehe 14 nilimngoja Mei, nikamsomea mstari huo mbele ya baba yake. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu kwa nini nilinyamaza siku zote hizo. Mzee akadakia. Alisema marehemu mkewe aliomba kwa miaka hamsini aruhusiwe kulisugua bakuli hilo, na kwamba huko aliko hapana shaka anampigia makofi huyu Mkenya. Mei hakucheka. Lakini alitoka nje akampigia Fanny kumwomba msamaha, na Jumatatu Fanny akarudi. Mimi nimepewa hadi mwisho wa mwezi nitazamwe. Nilipokwenda kwa Fanny kumwangukia, alinigeuzia mgongo akikoroga sufuria, kisha akasema sisi Wakenya tukiambiwa kivuli ni uchafu tutakisugua, akanipakulia sombe, mboga yao ya majani ya muhogo.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Ile hadubini ya maabara, tulipokuwa kidato cha tatu, hukuiangusha wewe. Niliiangusha mimi saa nane mchana, nikaifunika kwa kitambaa chake. Wewe ulipoifunua, mwalimu akaingia akakukuta umeshika vipande. Ulirudishwa nyumbani wiki mbili, mtihani ukakupita, ukavuliwa cheo cha kiranja. Nami nilikusindikiza hadi langoni nimebeba sanduku lako, nikilia, ukadhani ninakuhurumia. Katika madaftari yangu yote ya miaka ishirini na minne, ukurasa wa siku hiyo ndio pekee niliouchana.

Sikukupigia simu kwa sababu ungelazimika kunijibu papo hapo, na wewe ni mwepesi wa kusamehe. Kasirika kwanza. Kaa nayo kadiri utakavyo. Ila Jumamosi ya mwisho ya Aprili, barua hii ikishakufikia, usiku kwenu, nitampigia Mama yako. Najua hata leo ukiosha vyombo kwake, yeye hukutania kwamba uweke vikombe chini, wewe mvunja hadubini. Nataka anisikie mimi mwenyewe nikimwambia kwamba mvunjaji ni Chebet.

Dedan akitaka kuisoma barua hii, mpe. Washike watoto mikono kwa niaba yangu, na Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mwenzako wa kitanda cha juu,
Chebet

Nimeongeza jioni, kabla ya kuitia posta: usingizi ulinichukua saa tano na dakika kumi asubuhi. Nimeuandika ukurasa wa leo daftarini, na huu siuchani.