Nyundo Haikusikika Jumapili

Kolovai, Jumatatu

Dada Lavinia mpenzi,

Hamjambo huko Brisbane? Sukari ya shemeji imeshuka? Mimi ni mzima wa mwili tu. Nakula, nafua, nalala.

Uliuliza ngatu, ile nguo ya magome ya harusi ya Sela wenu. Nilimchukua Kalo, mjane wa binamu yetu, akae kwangu anisaidie. Siku sita za wiki alitwanga magome kwa nyundo ya mti mpaka viganja vikaota sugu, nami nikimkumbusha kwamba anayelala kwa watu hachagui kazi.

Jumapili, unatujua, nyundo ikisikika tu umeumbuka mbele ya kijiji kizima. Lakini kubandika vipande hakuna sauti. Basi nilimwachia magome na gundi ya muhogo, nikafunga mlango, nikajifunga mkeka wangu wa heshima kiunoni, huyo kanisani. Jirani Temaleti akanisifu eti kwangu ndiko Sabato inakoshikwa, kimya utadhani hamna mtu. Nikamjibu tunajitahidi, mama.

Jumapili ile kabla ya jana Kalo aliniomba ruhusa. Mama yake alikuwa hoi kijiji cha pili, mwendo wa saa moja. Nikamwambia dada yangu anasubiri mzigo, mgonjwa hakimbii, aende kesho. Hakubisha. Siku hiyo mchungaji alisoma amri: usifanye kazi, wewe wala mtumishi wako. Akasema Mungu hakuwapa pumziko wenye nyumba peke yao. Nikaitikia amina, tena kwa sauti.

Mama huyo alifariki kabla ya ibada ya jioni, akimwita Kalo.

Msibani watu walimsema Kalo: mtoto gani huyu, hata siku ya mapumziko kashindwa kumfikia mamake! Dada, nilisema mimi nilimhimiza aende, akakataa mwenyewe. Kalo alikuwapo, akanisikia. Sikuona haya. Sikuhisi chochote, na mpaka leo ni ganzi tupu.

Jana kengele ilipolia sikwenda. Nilifungua mlango, nikashika nyundo, nikagonga gogo tupu mpaka mahubiri yakakatika na watu wakajaa uani. Temaleti akauliza nimerukwa na akili? Nikawaeleza yote, kuanzia Jumapili ya kwanza. Kalo alikuwa kakaa kivulini, mikono mapajani, hafanyi kitu. Bado hajanisemesha.

Ngatu msiisubiri. Imemfunika mama yake Kalo kaburini.

Msalimie shemeji, mbusu Sela, mwambie anisamehe.

Mdogo wako,
Fusi