Walitaka Kukata Kipngeno Chini ya Ulimi

Ombati, nimekasirika sana. Anko Johana ameita mzee na wembe, ati akate Kipngeno wetu chini ya ulimi ndio mtoto aanze kuongea!

Wembe, bana! Mtoto wa miaka nne!

Sista yangu Janeffer, si unajua anasomea mambo ya masikio na kuongea, akagonga sufuria nyuma ya mtoto. Hakugeuka. Akamwambia, "Anko, ulimi iko sawa. Hasikii."

Unajua anko alisema nini? "Hiyo ndio masomo ulienda kusomea Nairobi, kupigia watoto sufuria?" Watu wakacheka. Wakacheka, Ombati!

Nikabeba mtoto nikatoka mbio. Tuko kwa shamba yenu ya majani chai. Kuja na baiskeli tumpeleke hospitali Litein.

Na usimwite ukifika. Mguse bega.