Kigoda Alichonichongea Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniache nimalize maana nikikatizwa husahau. Mimi ni bibi, shule nilikanyaga kidogo nikatolewa, lakini ujinga sina, na kuomba ushauri sijazoea, mimi ndiye hutoa.

Nina mkamwana, muuguzi, aliyechaguliwa kuwa mjumbe wa kutunga katiba mpya. Usoni simsifu, kichwa kitamvimba, ila wewe nakwambia, yule binti ni chuma. Anatoka wodini miguu imevimba, anaketi jikoni na rasimu yake, ananisomea ibara za akina mama na watoto huku napepeta mchele, mtoto wa kike arithi sawa na kaka zake, mjane asitolewe nyumbani mwake, mtoto asiozwe hata kama wazazi wameridhia, na nikisema sijaelewa hanicheki wala haniambii hayo ni ya wasomi, anafuta, anaandika upya, ananisomea tena, maana anasema sheria ambayo mama mkwe wake haielewi haitamlinda mtu. Mwanangu hulalamika kwamba chakula kinaungua, nami humwambia akapike yeye.

Sasa balaa nimelizua mwenyewe. Kuna mjumbe mwenzake, muuza mabati na misumari, tunamwita Kipaza Sauti, alikuja kututembelea akanichokoza, mama hebu tusimulie ulivyoolewa, nami kwa kupenda sifa nikamsimulia ile hadithi yangu ya siku zote, kwamba niliolewa mdogo, jiko la ukweni lilijengwa juu silifikii, marehemu mume wangu akanichongea kigoda nisimame juu yake nikoroge, hapo watu hucheka, nikamalizia kwamba nimezaa, nimelea, mnaniona nina kasoro gani. Kigoda chenyewe bado ninacho, nimekikalia nikiandika. Akacheka, akanywa chai yangu, akaenda zake.

Juzi namsikia redioni anawaambia wajumbe wote kwamba ile ibara ya kutooza watoto ifutwe, kwani mama mkwe wa huyu huyu muuguzi aliolewa akipandishwa kigoda na leo ni bibi mwenye afya na heshima, nendeni mkamuulize. Ukumbi ukacheka. Mkamwana wangu akasimama. Mshauri, yule anajua. Nilipougua ndiye aliyeniogesha, na ni yeye peke yake niliyemwambia kwamba mtoto wangu wa kwanza alifia tumboni kwa kuwa mwili wangu ulikuwa haujamaliza kukua, na tangu hapo mkojo ukawa unanitoka wenyewe, nikatengewa chumba cha nyuma mpaka nilipotibiwa. Angelisema hilo, Kipaza Sauti angefunga mdomo. Hakusema. Alisema tu, "Maisha ya mama yangu si yangu kuyaleta hapa. Tuendelee." Aliporudi nyumbani aliniamkia kama kawaida, akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Kura ni wiki ijayo na watu wanasema ibara itaanguka. Kabla ya kura kamati inasikiliza wananchi, na Kipaza Sauti amenialika nikamtolee ushahidi. Nikisema kweli, marehemu ambaye hakunipiga hata siku moja ataonekana mnyama, wifi zangu watanitenga, na mimi niliyetembea shingo juu umri wangu wote nitaonewa huruma, kitu nikichukiacho kuliko homa. Nisipokwenda, maneno yangu ndiyo yatakayowaozesha mabinti wa watu. Nifanye nini? Na usinipe maneno matamu.

Bibi Kichwa Ngumu

JIBU

Shikamoo bibi. Nimeshakuamkia, sasa nikugombeze.

Umri wote huo umewagawia watu nusu ya hadithi, ile ya kuchekesha, kisha unashangaa mtu kuichukua akaitumia. Pole kwa mwanao, pole kwa chumba cha nyuma. Lakini mwangalie huyo binti. Aliona ibara aliyoihangaikia inazama, kamba ya kuiokoa anayo mkononi, akaiachia ili wewe usiaibike. Wewe ungeweza kunyamaza hivyo? Kwa barua hii, sidhani.

Kuhusu marehemu, ondoa hofu. Katika nyumba ile yote ni yeye tu aliyeona kwamba jiko hulifikii. Hilo liseme kwa sauti. Kosa si la aliyechonga kigoda. Kosa ni kwamba wakubwa wote waliona bi harusi anahitaji kigoda, na hapakuwa na sheria ya kuwaambia wamrudishe shule.

Mwaliko wa Kipaza Sauti ukubali. Kwanza mwambie mkamwana wako unachokwenda kusema, asije akakisikia ukumbini. Halafu nenda kwa wifi mkubwa, umweleze uso kwa uso kabla redio haijamweleza. Akinuna, anune. Kisha beba kigoda. Usikikalie. Kiweke sakafuni mbele ya kamati wakione kimo chake, simama kando yake, usimulie hadithi yote, na wakicheka pale wanapocheka siku zote, wewe endelea. Watakaokuonea huruma waache, mwanamke aliyetoka chumba kile haangushwi na huruma.

Mkiwa njiani mpe mkamwana wako akubebee hicho kigoda, na umsifu usoni. Kichwa kikimvimba, kiache kivimbe.