Jam ya Baba Kevo

Jumamosi

Bado nacheka. Leo kwa baraza ya chifu hapa Lanet walitaka maoni kuhusu treni ya kutupeleka mjini asubuhi na kuturudisha jioni, ndio tuachane na hii jam ya magari. Mume wangu, Baba Kevo, akawa wa kwanza kusimama. Akasema kwa uchungu eti kila siku jam humfikisha nyumbani saa tatu usiku.

Akapigiwa makofi. Halafu Wanjiru, anayefanya kazi naye duka moja la hardware, akauliza bila ubaya, "Na mbona mimi hufika saa moja?"

Hayo masaa mawili yalinisumbua sana, na kichwani nilikuwa nishamwekea mwanamke...

Kumbe ni mchezo wa drafti! Tukirudi alikubali yote: kila jioni hupitia mtaa wa Bondeni, hukohuko mjini, kucheza na wazee wenzake. Nikampigia simu mmoja wao. Akaniambia Baba Kevo hajawahi kushinda hata siku moja. Hapo nikaamini.

Tukila, ameniuliza polepole, "Mama Kevo, treni ya mwisho itatoka mjini saa ngapi?"

Nimemwambia yeye atapanda ya kwanza ya jioni.