Uzi Kipajini

Zuhura, mjukuu wangu na mwenzangu katika kila pambano, salaam! Hapa Temeke sote tu wazima. Bibi yako anambusu kitukuu. Umeuliza dawa ya kwikwi. Mtu mzima hufunga pumzi, au humeza maji mafundo saba. Mtoto mchanga hubandikwa kipajini uzi uliolowa mate.

Mimi nilibandikwa nikiwa mwanachuo! Wanafunzi wenzangu nami tulikutana bila kibali chumbani kwa Bi Rukia, mpika vitumbua, kupanga jinsi ya kuudai uhuru wetu. Ghafla askari wakafika barazani, na kwikwi ikanishika. Pumzi na maji vilishindwa. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, maana sauti yangu ingetupeleka sote gerezani. Bi Rukia akachomoa uzi wa kanga, akaulowesha, akanibandika, akatoka nje.

“Nani huyo ndani?” askari mmoja akauliza.

“Mwanangu, ana kwikwi.”

“Mtoto gani ana sauti nzito hivyo?”

“Ana surua pia. Ingia umpakate.”

Wakaondoka. Nikaanza kumshukuru kwa hotuba ndefu.

“Hotuba baadaye, baba,” alisema, akiubandua uzi. “Ijumaa saa kumi mje tena. Nami nitakaa mkekani pamoja nanyi, si jikoni.”