Tofali Bila Sukari

Mpendwa Mama Nafula,

Ni mimi mumeo, mwenye mwandiko wa kuku aliyekanyaga majivu. Usicheke. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndiyo iliniacha. Hatukuwahi kukubaliana kuhusu hilo.

Leo nimepika tena yale matofali yako. Binti yetu huyaita granola, jina ambalo mimi ningempa ng'ombe mkorofi.

Unakumbuka tulivyoanza? Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshakula macho yako, na kliniki wakatupa masharti: sukari hapana, asali hapana. Njugu nazo ulikuwa umeziacha zamani kwa sababu zilikuvimbisha midomo. Nikakuambia basi kilichobaki ni maji na mume. Ukasema maji yanatosha.

Nafula akaleta oti, ile nafaka ya uji wa Kizungu, kutoka mjini Kakamega, akaandika maagizo kwenye karatasi, akarudi kazini. Wewe huoni, sasa nani apike? Mimi, mwanamume wa kukaa mezani akingoja firigisi ya kuku, ambaye tangu tuoane sikuwahi kuingia jikoni isipokuwa kuiba nyama. Ulikaa kwenye kigoda pale mlangoni ukaniongoza kwa pua. Ulisema simsim inataka kuungua, na kweli ilikuwa inataka. Nikauliza umejuaje, ukasema imeanza kunuka kama koti langu. Nikaponda ndizi, nikavunja yai, nikatia mbegu za malenge, nikafunika sufuria na kupanga makaa juu ya mfuniko kama ulivyoniamuru.

Siku hiyo kisu kilikataa kabisa. Nilikata kwa panga la miwa. Jirani yetu Shikuku, yule asiyefunga mdomo, akasimama kwenye ua akaniuliza kama ninajenga choo. Nikampa kipande. Alikitafuna mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza boma letu likapata amani.

Ulikuwa unakulanga kipande kimoja saa nne na kingine saa kumi. Sikuhitaji kukuita. Ulisikia mguu wangu huu mbovu ukikokota sakafuni, na kabla sijafika, mkono wako ulikuwa umeshanyooshwa.

Sasa nifike penye mwiba. Wiki ile ya mwisho ulikataa ugali, ukakataa uji, ukabaki na tofali tu, nusu, halafu robo. Jumanne ulinishika mkono ukaniomba nitie sukari nguru. Kidogo tu, ukasema, kama punje ya hindi. Ulitaka ladha ya kwenu Mayoni, mlipokuwa wasichana mkilamba mwiko wa wale wachemshaji wa miwa.

Na mimi, niliyemdanganya baba yako kwamba nimemaliza shule, nikamdanganya pasta kwamba nimeacha pombe ya busaa, siku hiyo nilikataa. Nikasema kliniki wamekataza. Ukacheka kidogo.

"Yaani leo ndiyo umeamua kuwa mtu mzuri?"

Nilidhani ninakuongezea siku. Alhamisi ukaenda.

Nafula husema nilifanya vyema, kwamba sukari ingekumaliza. Mimi humjibu, ndiyo mwanangu. Lakini wewe na mimi tunajua hukuwa unaomba sukari. Ulikuwa unamwomba yule mkora uliyeolewa naye, nikakuletea mtu mgeni mwenye adabu za hospitali. Maisha yangu yote nimevunja sheria bila kuombwa. Ile moja niliyoombwa, nikaifuata.

Kwa hivyo asubuhi nilikwenda Mayoni, nikarudi na donge la sukari nguru la ukubwa wa ngumi. Nimepika peke yangu. Simsim imeungua, kwa sababu kigoda kiko mlangoni lakini hakina pua. Nimetia donge zima, Mama Nafula, sikubakisha hata chembe. Sasa nimekaa hapa kando ya kaburi lako, kipande kimoja nimekuwekea juu ya udongo, na sisimizi wameshajipanga kama watu wa sadaka. Siwafukuzi. Angalau kuna mtu anakula.

Changu nimekiuma mara moja. Ni kitamu mno. Kilichobaki nimekiweka kando ya chako.

Pumzika, mama. Mimi bado nakuja, polepole kama kawaida yangu. Siku utakayosikia mguu ukikokota, usiulize ni nani. Nyoosha mkono tu.

Mkora wako,
Baba Nafula