Zamu za Haji

Jumatatu, 8 Septemba

Udi umeungua. Sukari ya kuupikia imefika rangi, Nasra kalia, nimekwenda kumnyonyesha, narudi nakuta moshi. Anaota jino. Mie nshachoka, sina hata pa kuchokea.

Wakili kapiga simu. Shauri la kodi litasikilizwa Jumatano ijayo. Watu wa kodi wamemkadiria mume wangu Haji kodi ya mapato kwa biashara mbili zisizo zake: udi wangu, na sabuni za mwani za mke mwenzangu Mwanaidi, kule Kiwengwa. Wanasema sisi ni vibarua wake tu. Mahakama isipoyafuta makadirio, mzigo wangu utakamatwa. Udi huu nlianza kuupika kabla sijaolewa!

Alhamisi, 11 Septemba

Kwa wakili. Mwanaidi keshafika. Buibui jipya, ngozi laini. Nimemchukia papo hapo.

"Umekonda, mwenzangu," kanambia.

"Na wewe umenawiri. Unatunzwa."

Kacheka. Cheko lile nalisikia mpaka sasa.

Wakili kasema lazima tuape kwamba Haji hasimamii kazi zetu. Tutaulizwa anashinda wapi, analala wapi. Haji anaendesha gari ya watalii, na zamu ya kwangu siku hizi ni jina tu. Kila mara simu: "Nimekwama Kiwengwa, Mama Nasra." Kwa hiyo nikitaka kushinda, niseme mbele ya watu kwamba mume wangu hanitaki.

Jumapili, 14 Septemba

Zamu yangu. Hakuja. Nilimpikia pweza wa nazi. Nimemla mwenyewe, wote, kwa hasira. Yeye huko anakandwa miguu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefikiria kusema uongo. Kwamba haruki zamu hata moja. Heshima yangu ibaki. Kisha nikayatazama makopo ya udi chini ya kitanda anacholalia Nasra.

Hapana. Nitasema.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeapa. Mwanaidi alikuwa nje, shahidi hasikilizi mwenziwe. Haji kakaa mbele, kanzu imepigwa pasi. Sijui na nani.

Wakili wa kodi kauliza: mumeo hukusaidia kazi? Nikajibu hata kijiko hajui kilipo. Haonekani. Siku zake zote yuko Kiwengwa, kwa mkewe mkubwa. Nikaambiwa nikae.

Akaingia Mwanaidi. Naye kaulizwa lile lile.

"Kwangu?" kasema. "Mheshimiwa, mie maji yakipwa alfajiri niko pwani na mwani wangu, jioni napika sabuni. Haji simuoni. Yuko mjini, kwa mke mwenzangu mdogo yule."

Kikohozi nyuma. Jaji kavua miwani.

"Bwana Haji. Kumbe unalala wapi?"

Haji katazama viatu vyake. "Mangapwani, Mheshimiwa. Kwa mama."

"Kufanya nini?"

"Kulala."

Watu wamecheka hadi karani kawanyamazisha. Mwanaidi kageuka kunitazama. Sasa nimeona: macho mekundu, vidole vimechubuka kwa chumvi. Mwaka mzima nalia wivu kwa mtu aliyekuwa akinililia wivu mie.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikasiriki kwa mwanamke. Hakuna mwanamke. Nakasirika kwa usingizi. Analala! Mpaka jua linatoka, hakuna jino, hakuna sukari jikoni. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna hii. Natamani ule mto wake kuliko nilivyomtamani yeye.

Ijumaa, 26 Septemba

Makadirio yamefutwa. Jaji kasema udi ni wangu, mwani ni wa Mwanaidi, na Haji akadiriwe kwa gari yake tu. Haji kaja mbio kuniletea habari, na halua mkononi. Nimeipokea halua. Nimemwambia Jumapili tunakwenda Mangapwani.

Jumapili, 28 Septemba

Mangapwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chumba cha Haji kile pale."

Nikampa Haji mtoto. Kasema, analia! Nikamwambia, mbebe. Naye mamaye kamwambia vivyo hivyo, mbebe.

Nikasukuma mlango. Pazia limeshushwa, upepo mzuri. Mwanaidi keshalala kitandani, kanga usoni. Hata hapa kaniwahi.

"Sogea," nikamwambia.

Akasogea.